Mraba au mstatili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbo la picha kwenye kamera

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wangu wa upigaji picha huniuliza kila muhula, pamoja na ya wateja wanaoleta picha za simu kusafishwa kisha wakashangaa zimekatwa. Nimeanza na ya msingi. Jambo lililokwisha kuelezwa sijalirudia, nimetaja tu namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Lenzi ni ya duara. Mbona picha haitoki ya duara?

Lenzi yenyewe hutoa duara kweli. Ifungue kutoka kwenye kamera, ingia chumba chenye giza, acha upenyo mdogo wa dirisha, kisha shika lenzi mbele ya karatasi nyeupe. Utaona duara la mwanga, na ndani yake dirisha limepinduka juu chini. Katikati picha ni kali na angavu. Ukielekea ukingoni inafifia na kulegea mpaka inamezwa na giza. Kazi ya kamera ni kuchagua kipande cha duara hilo, na mjadala wote wa mraba na mstatili ni mjadala wa kipande kipi kichaguliwe.

Iliwahi kuwapo kamera iliyoliacha duara kama lilivyo. Kodak ya kwanza, ya mwaka 1888 huko Marekani, ilitoa picha za mviringo zenye kipenyo cha sentimita 6 na nusu hivi, na mkanda wake ulibeba picha 100. Haikuwa na kidirisha cha kuchungulia, kwa hiyo mtu aliilenga kwa kukisia. Duara lilimsaidia: kamera ikiinama kidogo, picha ya mviringo haimsuti kama picha yenye kingo zilizonyooka. Lakini karatasi, albamu, fremu za ukutani na safu za magazeti vyote vina kingo zilizonyooka, na duara halikuishi muda mrefu.

2. Ni umbo lipi linalotumia duara la lenzi vizuri zaidi?

Mraba, na hapa hesabu haina ubishi. Kati ya maumbo yote ya pembe nne yanayoweza kuingia ndani ya duara, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko yote. Unachukua karibu asilimia 64 ya duara. Mstatili wa 4:3 unachukua asilimia 61, wa 3:2 asilimia 59, na wa 16:9 unabaki na asilimia 54.

Tofauti ya 64 na 59 ni ndogo, na naomba msomaji aikumbuke, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini wabunifu wa kamera waliweza kuuacha mraba bila majuto makubwa. Walichopoteza kwenye duara walikifidia kwingine: kwenye filamu, kwenye kioo, kwenye karatasi.

3. Namba kama 3:2, 4:3 na 1:1 zinamaanisha nini?

Ni uwiano wa upande mrefu kwa upande mfupi. Picha ya 3:2 yenye upande mrefu wa sentimita 15 ina upande mfupi wa sentimita 10. Picha ya 1:1 ni mraba. Uwiano hausemi chochote kuhusu ukubwa. Picha ya stempu na bango la barabarani vinaweza kuwa na uwiano mmoja.

## Kamera za filamu

4. Kipimo cha milimita 24 kwa 36 kilitoka wapi?

Kilitoka kwenye sinema. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz pale Wetzlar, Ujerumani, alitengeneza mnamo 1913 na 1914 kamera ndogo iliyotumia mkanda uleule wa sinema wa milimita 35. Ndani ya kamera za sinema mkanda ulipita wima, na kila fremu ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack aliulaza mkanda na kuziunganisha fremu mbili: 18 mara mbili ni 36, na 24 ikabaki 24. Leica iliingia sokoni mwaka 1925, na kipimo hicho ndicho tunachokiita leo "fulu fremu", hata kwenye kamera zisizojua filamu ni nini.

Hakuna aliyekaa akaamua kwamba jicho la binadamu linapenda 3:2. Mkanda ulikuwapo, upana wake ulikuwapo, matundu yake yalikuwapo. Wanafunzi wanaoambiwa kwamba 3:2 ni "uwiano wa dhahabu" wanadanganywa. Uwiano wa dhahabu ni takriban 1.618, na 3:2 ni 1.5.

5. Kwa nini Rolleiflex na kamera nyingine za lenzi mbili zilipiga mraba?

Kwa sababu huwezi kuigeuza ubavu kamera ya namna ile ukaendelea kufanya kazi kwa raha. Rolleiflex ilitoka mwaka 1929 kutoka kampuni ya Franke & Heidecke, mjini Braunschweig. Lenzi ya juu ni ya kuangalizia, ya chini ndiyo inayopeleka mwanga kwenye filamu. Nyuma ya lenzi ya juu kuna kioo kilichoinamishwa kinachorusha taswira juu, kwenye kioo chenye ukungu, nawe unaitazama ukiwa umeinamisha kichwa, kamera imelala tumboni.

Niliishika ya kwanza kwenye studio ya mjomba wangu, Tanga. Mtoto aliyekaa kwenye kigoda alipoegemea kulia, kwenye kile kioo aliegemea kushoto. Nikisogeza kamera kumfuata, anakimbia upande mwingine. Mjomba alisimama nyuma yangu akisema, "Mwanangu, ifuate kinyume, mikono itazoea." Ilizoea baada ya wiki mbili hivi. Siku moja nikataka picha ya wima nikailaza kamera ubavu. Ghafla kidirisha kilitazama ukutani, ikanibidi nisimame pembeni na kuchungulia kwa upande, na mtoto akaonekana amepinduka miguu juu. Hapo ndipo nilipoelewa ule mraba. Mbunifu alimwondolea mpiga picha haja ya kugeuza kamera: piga mraba, kisha kata wima au mlalo baadaye, wakati wa kusafisha.

6. Kwa nini inaitwa "6×6" wakati fremu haifiki sentimita sita?

Fremu halisi ni takriban milimita 56 kwa 56. Filamu ya 120 ina upana wa zaidi kidogo ya sentimita 6, na pembezoni lazima pabaki nafasi. Jina ni la kurahisisha mazungumzo.

Mkanda huohuo wa 120 hugawanywa kwa njia kadhaa, na idadi ya picha hufuata umbo: 6×4.5 hutoa 15 au 16, 6×6 hutoa 12, 6×7 hutoa 10. Enzi ambazo kila picha ilikuwa na gharama yake, mwenye studio alizijua namba hizi kama anavyojua bei ya unga.

7. Hasselblad nayo ilipiga mraba. Ni kwa sababu ileile?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kamera ya Victor Hasselblad wa Göteborg, Uswidi, iliyotambulishwa mwaka 1948, ina lenzi moja na kioo kinachoinuka, lakini nayo kwa kawaida huchunguliwa kutoka juu, kwa hiyo jibu la swali la 5 linaihusu. Ubora wake mwingine ni kwamba mgongo wenye filamu hutoka na kubadilishwa. Ukitaka mstatili, unaweka mgongo wa 6×4.5 wenye picha 16. Hasselblad zilizokwenda mwezini na Apollo 11 mwaka 1969 zilipiga mraba, na ndiyo maana picha zile, zenye alama ndogo za msalaba, zina pande sawa zinapooneshwa nzima.

Kampuni ya Mamiya ililitatua tatizo hilohilo kwa njia iliyonivutia zaidi. Kamera yake ya RB67, ya mwaka 1970, hupiga mstatili wa 6×7, ila mgongo wake huzunguka. Kamera inabaki imesimama vilevile, mgongo ndio unaogeuka kutoka mlalo kwenda wima. Malipo yake ni uzito. Chemba ya ndani lazima iwe pana kiasi cha kuupokea mstatili kwa pande zote mbili, yaani lazima iwe mraba. Anayeukimbia mraba kwenye filamu anakutana nao kwenye mwili wa kamera.

8. Kwa nini kamera za kioo za milimita 35 hazikutengenezwa za mraba?

Kwa sababu ya kioo, kile kinachorusha taswira ya lenzi kwenye kidirisha na kuinuka unapopiga. Kioo kinachoinuka lazima kiwe kirefu kiasi cha kuifunika fremu kutoka juu hadi chini. Kwa fremu yenye kimo cha milimita 24, kioo kinatosha kuwa kifupi na lenzi inakaa karibu na filamu: kwenye kamera za Nikon F umbali kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Ukiifanya fremu kuwa 36 kwa 36, kioo kinarefuka kwa nusu zaidi, nacho kinahitaji nafasi ya kupinduka, kwa hiyo lenzi inasukumwa mbele. Hasselblad ya 6×6 ina umbali wa milimita 74.9. Mwili unanenepa, na lenzi za pembe pana zinakuwa ngumu na ghali kubuni kwa kuwa zimewekwa mbali na filamu.

Shata, yaani mapazia yanayoruhusu mwanga kuifikia filamu, nayo inanufaika na ufupi. Mapazia yanayoshuka milimita 24 humaliza safari mapema kuliko yanayovuka 36.

Kamera zisizo na kioo hazikubanwa hivyo, na zipo zilizopiga mraba kwenye mkanda wa 35. Robot ya Ujerumani, ya mwaka 1934, ilipiga 24 kwa 24. Ilikuwa na springi ya kuvuta filamu yenyewe, na fremu fupi ilimaanisha springi inavuta kidogo na mkanda mmoja unatoa picha zaidi ya 50. Hapo mraba uliamuliwa na springi.

9. Kulikuwa na vipimo vingine vya mstatili kwenye filamu ya 35?

Vilikuwapo. Kisa cha Nikon ndicho ninachowapa wanafunzi. Nikon ya kwanza, mwaka 1948, ilipiga 24 kwa 32, karibu na umbo la karatasi za picha na yenye kubana filamu. Lakini maabara za Marekani zilikuwa na mashine za kukata na kufunga slaidi zilizopangwa kwa hatua ya fremu ya 36. Fremu fupi iliivuruga mashine. Modeli ya mwaka 1949 ikapanda hadi 24 kwa 34, na ya mwaka 1954 ikasalimu amri: 24 kwa 36. Mashine ya kukata plastiki kwenye maabara ya mbali iliamua umbo la kamera iliyotengenezwa Japani.

Olympus Pen ya mwaka 1959 ilikwenda njia nyingine, ikaigawa fremu katikati: 18 kwa 24, picha 72 kwa mkanda wa 36. Ukiishika kawaida, inapiga wima.

## Kamera za dijitali na simu

10. Filamu imeondoka. Kwa nini vihisi vya mraba bado ni adimu?

Kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Wengi hujibu kwamba vihisi hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni, na mstatili hupangika vizuri zaidi. Mraba nao hupangika vizuri. Kinachopandisha bei ni eneo: kihisi kikiwa kikubwa, sahani moja hutoa vichache, na kasoro moja ndogo hutupa kipande kikubwa. Mtengenezaji hatalipia eneo ambalo wateja wake watalikata na kulitupa.

Nao wateja huzitazama picha wapi? Kompyuta za miaka ya 1990 zilikuwa na skrini za 4:3, kama 640 kwa 480, na kamera ndogo za dijitali zikafuata umbo hilo. Simu nyingi zimelirithi. Kamera za kioo zilibaki na 3:2 kwa sababu zilibaki na lenzi za filamu. Televisheni za kisasa zikaleta 16:9. Kila umbo lina mzazi wake, na mzazi wa mraba, yaani kidirisha cha kuchungulia kutoka juu, hakuwa na kazi tena.

11. Kamera yangu ina chaguo la 1:1. Je, ninapata mraba wa kweli?

Unapata mstatili uliokatwa. Kihisi cha pikseli 6000 kwa 4000 kina megapikseli 24. Mraba wake ni 4000 kwa 4000, megapikseli 16. Theluthi moja imeondoka. Simu ya 4032 kwa 3024 inashuka kutoka megapikseli 12 hadi 9 na kidogo.

Hata hivyo nalipenda chaguo hilo, na nawashauri wanaojifunza walitumie, kwa sababu linakufanya uone mraba *kabla* ya kubonyeza. Piga faili ghafi (RAW, isiyochakatwa na kamera) pamoja na JPEG. Kwenye kamera nyingi JPEG itatoka mraba na faili ghafi itabaki na picha nzima, ukijuta unarudi.

12. Kuna vihisi vya mraba kabisa?

Vipo. Migongo ya dijitali ya mwanzo kwa ajili ya Hasselblad, kama Kodak DCS Pro Back, ilikuwa na kihisi cha mraba cha megapikseli 16. Ilibidi, kwa sababu kamera yenyewe ilibuniwa isigeuzwe.

Mwaka 2022 GoPro Hero 11 ilikuja na kihisi cha 8:7, karibu mraba, ili video moja ikatwe wima kwa simu na mlalo kwa televisheni. Na mwaka 2025 Apple waliweka kihisi cha mraba kwenye kamera ya mbele ya iPhone 17: unashika simu wima, inapiga selfi ya mlalo ya watu wengi bila kuigeuza. Rudi usome swali la 5. Ni hoja ileile ya mwaka 1929, imehama kutoka tumboni kwenda kiganjani.

13. Instagram haikuwa ya mraba?

Ilianza mwaka 2010 ikipokea mraba peke yake. Agosti 2015 ikaruhusu wima na mlalo, na mwaka 2025 hata vijipicha vya ukurasa wa mtu vikageuzwa kuwa vya wima. Kama uliwahi kupanga ukurasa wako kwa miraba, fungua uone vichwa na maandishi yaliyokatwa pembeni.

## Studio, karatasi na fomu

14. Nilipeleka picha ya simu kusafishwa 4×6, vichwa vimekatwa. Kosa la nani?

Ni la umbo, na la fundi asiyekuuliza. Simu inapiga 4:3, karatasi ya 4×6 ni 3:2. Picha yako ikijaza upana wa inchi 6, kimo chake kinataka inchi 4 na nusu, na karatasi ina 4. Nusu inchi lazima iondoke, sawa na moja ya tisa ya kimo. Nimeona picha ya harusi ambayo bibi wa bwana harusi, aliyesimama safu ya nyuma, alibaki na kidevu tu. Hakuna aliyemwona mpaka albamu ilipofunguliwa nyumbani.

Omba picha iingizwe nzima na ukubali ukanda mweupe pembeni, au acha nafasi juu ya vichwa unapopiga. Picha ya kamera ya 3:2 inaingia 4×6 bila kukatwa, lakini ikipelekwa 8×10 inapoteza moja ya sita ya urefu.

15. Kwa nini fomu ya bahati nasibu ya visa ya Marekani inataka picha ya mraba?

Kwa sababu picha za visa za Marekani ni inchi 2 kwa 2. Kwa maombi ya mtandaoni mraba uwe kati ya pikseli 600 na 1200 kila upande, faili lisizidi kilobaiti 240, na kichwa kichukue asilimia 50 hadi 69 ya kimo cha picha. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 haifai, na kuivuta programuni mpaka iwe mraba ni kosa baya zaidi: uso unapanuka. Mwambie mpiga picha *kabla* hajapiga, arudi nyuma hatua moja ili mabega yapate nafasi pande zote mbili.

16. Je, mraba ni mzuri zaidi kwa macho?

Unabadilisha kazi. Mstatili unakuambia wapi pa kwenda: mlalo unamtembeza mtazamaji pembeni, wima unampandisha. Mraba haumsukumi popote, kwa hiyo kitu kilichowekwa katikati hakionekani kimetelekezwa. Tazama picha za Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, hasa zile za studio za 6×6: mtu mmoja au wawili, sakafu, pazia, na kila kona imeshikwa na kitu. Ufukwe mrefu wenye ngalawa kumi, kwa upande mwingine, ndani ya mraba hubaki na mbingu nyingi zisizo na kazi. Mimi watu huwapiga mraba, mandhari mstatili, na sioni haja ya kumwombea radhi yeyote.

## Maswali ya pembeni

17. Lenzi ya fulu fremu inaweza kufunika mraba wa ukubwa gani?

Kutoka pembe hadi pembe, fremu ya 24 kwa 36 ina milimita 43.3. Duara la kipenyo hicho linaingia mraba wenye upande wa milimita 30.6. Eneo lake ni milimita za mraba 936 dhidi ya 864, faida ya asilimia 8 kwa lenzi ileile.

18. Lenzi ya milimita 80 kwenye 6×6 ni sawa na ngapi kwenye fulu fremu?

Inategemea unalinganisha nini. Kwa kipimo cha pembe hadi pembe ni takriban 44. Kwa upana ni 51. Kwa kimo ni 34. Majibu yote ni sahihi, kwa sababu maumbo hayafanani. Ukijua picha itakatwa mlalo, shika 51. Ukiiacha mraba, shika hisia yako: kwa jicho langu 80 ni lenzi ya kawaida, isiyovuta wala kusukuma.

19. Nimerithi slaidi. Kifuniko cha kila moja ni mraba, lakini picha nyingine ndani yake ni mstatili. Zilipigwa na kamera gani?

Kifuniko ni cha milimita 50 kwa 50 kwa makusudi: slaidi ya mstatili inaingia kwenye projekta ikiwa imesimama au imelala. Kamera itambue kwa kupima dirisha la ndani. Likikaribia 24 kwa 36, ni kamera ya mkanda wa 35. Mraba wa 27 hivi unaelekea kwenye Instamatic ya filamu ya 126, iliyoanza mwaka 1963. Mraba wa karibu 40 ni filamu ya 127, mara nyingi kutoka kwenye kamera ndogo za lenzi mbili kama Rolleiflex ya 4×4. Zishike kwenye mwanga wa dirisha kwa kingo, bila kugusa filamu, na andika namba kwenye kifuniko kwa penseli kabla hazijachanganyika.